Nani Alikata Nyekundu ya Bendera

Sehemu ya saba

Jumamosi iliyopita, msomaji, tulimwacha Madame Noémie amepiga magoti katika chumba cha mama mkwe wake. Mkono wake wa kuume ulikuwa umezama ndani ya mfuko wa nguo, na vidole vyake vilikuwa vimeshika kitu ambacho hakikupaswa kuwa humo. Kitambaa chekundu, urefu wa mkono wa mtu mzima, kingo zake za manjano. Na nyuma yake mlango ukafunguliwa.

Hakuwa polisi. Alikuwa mwenye mfuko.

Mama Agar alisimama mlangoni na rozari mkononi, ametoka misa ya asubuhi. Alimtazama mke wa mwanawe, akakitazama kitambaa, kisha akafunga mlango taratibu. Hakushtuka, hakukana. Aliketi kitandani, akanyoosha mkono kama mtu anayedai kijiko chake mezani.

"Leta," alisema. "Unaikunja mubaya."

Noémie akampa. Kwa nini alimpa, hata yeye mwenyewe hakujua.

Kwa wale waliotukuta njiani, maneno machache tu. Jumatatu ya wiki hiyo, saa moja na nusu asubuhi, firimbi ililia pale shuleni kama kila siku. Waendesha pikipiki walizima injini katikati ya barabara. Akina mama wenye mabakuli ya mihogo walisimama wima na mizigo yao kichwani. Watoto mia sita walinyoosha mikono ubavuni, na bendera ikapanda.

Ilipofika juu na upepo kuifungua, watu waliona mawingu kupitia bendera. Buluu ilikuwepo, na nyota ilikuwepo. Lakini katikati ya ule mstari mwekundu unaokatiza kutoka pembe hadi pembe palikuwa na tundu refu, limekatwa kwa makasi, tena kwa mkono usiotetemeka.

Wimbo wa taifa ulikufa kinywani mwa watoto. Muuguzi mmoja mstaafu alivua kofia, akajifunika nayo macho. Mke wa askari, mkazi wa kule Base, kambi ya jeshi, alikaa chini mavumbini akaanza kuomboleza kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Katika mtaa ule, nyumba haikai mbali na nyumba nyingine yenye mtu aliyevaa sare na kupelekwa vitani mashariki. Walichoona juu ya mlingoti hakikuwa nguo iliyoharibika. Kila mmoja aliona mtu wake.

Kutoka machozi hadi hasira ni hatua moja. Hasira ilitafuta jina, na jina likapatikana: Papa Stanislas.

Na hapa, msomaji, tusimfiche mtu wetu. Jina hilo lilitoka kwanza kinywani mwa Noémie.

Papa Stanislas alikuwa mfanyakazi wa reli kule Luena, sasa anatengeneza baiskeli mbele ya nyumba yake, ng'ambo ya shule. Firimbi ikilia, mji mzima unasimama, lakini nyundo yake inaendelea kugonga. Siku moja alimwambia Noémie kwamba kile kitambaa hakijawahi kushuka pale juu kumsaidia mtu. Noémie ni mwalimu wa darasa la sita, binti wa mchungaji wa Kimethodisti, mke wa askari. Maneno yale yalimchoma. Jumatatu ile, mbele ya umati, aliyarudia yote, neno kwa neno.

Dakika kumi hazikupita. Mzee alikuwa chini, jicho lake la kushoto limepasuka, baiskeli za wateja wake zimekunjwa kama nyaya. Polisi walimnyofoa mikononi mwa watu, wakamfungia kwenye kituo chao. Siku tatu sasa.

Na leo Alhamisi, nyekundu ya bendera iko nyumbani kwa Noémie.

Noémie alimuuliza mama mkwe wake kwa sauti ya chini alikata lini. Mama Agar alijibu bila kuzunguka. Jumamosi. Noémie mwenyewe alikuwa ameileta bendera nyumbani ili ifuliwe, maana ilikuwa imeshika vumbi la kiangazi. Mama Agar aliipiga pasi, akakata, akaikunja vizuri sehemu iliyokatwa ikawa ndani, akamrudishia. Noémie akaibeba kwa mikono yake miwili hadi kwenye kabati la shule.

Siku tatu hizo alikuwa anajiambia kwamba kufuli ya kabati ni mbovu, kwamba mtu aliingia Jumapili. Siku tatu hakutaka kufikiria mbele zaidi.

"Juu ya nini, Mama?"

Mama Agar alikitandaza kitambaa juu ya mapaja yake. "Weye njo ulinifundisha," alisema. "Kila magaribi unafundisha batoto hapa ku meza. Buluu ni amani. Nyekundu ni damu ya bale balikufa juu ya inchi. Nilisikia ile miaka mbili. Mutoto yangu alikufa juu ya inchi. Basi damu yake iko mule. Nilikamata ile yangu."



"Balinipa nini?" mama yule aliendelea. "Hakuna sanduku, hakuna karatasi, hata kofia yake hakuna. Samedi, kesho kutwa, baba zake wadogo banazika, kule Kabongo, pembeni ya baba yake. Kaburi balisha kuchimba. Banizikishe nini mule, Madame? Hewa?"

"Ariel hajakufa."

Alilisema kama alivyolisema mara mia. Kabange Ariel, mume wake, sajenti, alipiga simu mara ya mwisho miaka miwili iliyopita, kutoka mahali kule mashariki ambapo alikataa kupataja. Aliuliza kama binti yao Nathalie ameota meno ya mbele. Baada ya hapo, kimya. Simu yake haipatikani, wenzake hawapatikani, na ofisini kila mtu alimtuma kwa mwenzake. Mke gani atakaa matanga kwa sababu ya simu iliyozimwa? Noémie hakunyoa nywele, hakuvaa nguo nyeusi. Mtu akisema marehemu mbele yake, alimsahihisha kama anavyosahihisha daftari la mwanafunzi.

Mama Agar alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi kuliko matusi.

"Mama, muko muntu mu kituo ya polisi juu ya hii kitambaa," Noémie alisema. "Balimutoboa jicho."

Ndipo yule mama alipoanza kukikunja kitambaa. Alijua. Siku tatu mfululizo alikwenda misa kumuuliza Mungu afanye nini, na Mungu hakumjibu kitu. Akitoa kitambaa, mwanawe atabaki bila kaburi. Akikaa nacho, mtoto wa mwanamke mwingine anaoza ndani. Alisema hayo yote huku akikunja, na alipomaliza alikirudisha kitambaa chini ya nguo zake, akafunga mfuko.

Noémie aliomba apewe muda mpaka jioni. Alitoka akiwa hajavaa hata kitambaa cha kichwa.

Mkurugenzi wa shule, Monsieur Kasanda, alimpokea ofisini, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na kufunga dirisha. Noémie alikuwa amejiandaa kwa mshangao. Mshangao haukuja.

Mkurugenzi alikuwa anajua. Tangu Jumatatu. Yeye ndiye aliyempa Noémie bendera ikafuliwe, yeye ndiye aliyefunga kabati alipoirudisha. Alijua kufuli haikuguswa. Alinyamaza kwa sababu Noémie ni mwalimu wake bora, na kwa sababu, alisema bila aibu, watu walikwisha kupata mtu wa kumkasirikia. Mzee Stanislas hana mke, watoto wake wako mbali, hata kanisani haonekani. Mama wa askari je? Wakimkuta ni yeye, watamfanya nini, na watasema nini juu ya shule ambayo bendera yake inafuliwa majumbani?

Kisha akasema jambo lililomfanya Noémie ashike ukingo wa meza.

"Choma ile kitambaa."

Noémie alidhani amesikia vibaya. Miaka kumi na mitano mtu huyu alikuwa anawapiga walimu faini ya maneno kwa bendera iliyogusa ardhi. Alimuuliza kama kweli anamtuma akachome bendera ya taifa.

Monsieur Kasanda alivua miwani. Alionekana mzee ghafla.

"Minyi nilisimama mbele ya drapo tatu za hii inchi," alisema. "Ile ya kijani, tulikuwa batoto, balitufundisha tuifie. Siku moja baliishusha, balituambia tuisahau. Balileta ingine. Na ile pia balibadilisha. Nilifikiri sasa ni kitambaa tu, ni kazi. Lakini lundi asubuhi niliona ile tundu, Madame, nililia. Nilijificha hapa ndani, nililia kama mutoto. Sijue juu ya nini."

Alivaa tena miwani, na alipovaa alikuwa tena mkurugenzi. Alimpa Noémie habari mbili. Ya kwanza: kesho asubuhi Papa Stanislas anapelekwa Lubumbashi, na anayepelekwa huko kwa kosa la kudharau nchi wakati wa vita hajui atarudi lini. Ya pili: leo jioni, saa ya kushusha ile bendera yenye tundu, ambayo shule imeendelea kuipandisha kwa kukosa nyingine, adjudant mmoja wa jeshi kutoka Base analeta bendera mpya. Mji mzima umeitwa. Watasimama, wataimba, na jambo litakuwa limekwisha.

Limekwisha kwa nani? Noémie hakuuliza. Alitoka na kwenda moja kwa moja kituo cha polisi.

Askari wa zamu alikuwa baba wa mwanafunzi wake. Alimruhusu dakika tano, akageuka kutazama barabara.

Papa Stanislas alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga kabisa, na damu iliyokauka ilishuka hadi kwenye ndevu. Noémie alikuwa amemletea bukari ya unga wa mahindi na samaki ndani ya sahani iliyofunikwa. Mzee alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaanza kula kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima. Hakuna neno hata moja la lawama. Hilo lilimshinda Noémie. Alikuwa amekuja tayari kutukanwa.

Alimuuliza kwa nini hasimami bendera ikipanda.

Mzee alitafuna mpaka akameza. Kisha akaeleza, polepole, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Zamani alikuwa anasimama kuliko wote. Kule Luena, yeye ndiye aliyekuwa akiwakaripia vijana wa reli. Asubuhi moja alikuwa anampeleka binti yake kujifungua, amempakia nyuma ya baiskeli. Walipokuwa wanapita mbele ya ofisi moja, firimbi ikalia. Mlinzi akawanyooshea mkono.

"Nilisimama," alisema Papa Stanislas. "Drapo ilikuwa inapanda polepole, kamba ilikuwa inakwama. Minyi natazama juu. Nyuma yangu mutoto ananiambia, papa, twende. Namuambia, ngoja kidogo, inafika. Ilifika. Niligeuka, kiti ya nyuma ya baiskeli ilikuwa nyekundu yote. Hakufika ku hospitali."

Alifuta vidole kwenye suruali.

"Mulinzi hakukosa kitu. Angeniacha nipite, kama ningemuomba. Sikuomba. Nilisimama muzuri, Madame. Tangu ile siku magoti inakataa."

Noémie alitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo mno kwa mahali pale. Badala yake alijikuta anamwambia ukweli. Kwamba aliyekata yuko nyumbani kwake. Hakutaja jina.

Papa Stanislas alimtazama kwa jicho lake moja. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu.

"Nani alikufa kwenu?"

"Hakuna," alisema Noémie.

Mzee aliinamisha kichwa, akamrudishia sahani. Askari akakohoa mlangoni. Dakika tano zilikwisha.

Njiani kurudi, Noémie alijipangia kila kitu. Atakichukua kitambaa, atakwenda nacho kwa komanda wa polisi, atasema ni yeye aliyekata, kwa ajali, wakati wa kupiga pasi. Atapoteza kazi. Labda watamfunga mwezi mmoja. Lakini mama atakuwa salama, mzee atatoka, na juu ya Ariel hakuna atakayelazimika kusema neno. Mpango ulikuwa mzuri. Ulidumu hadi alipofungua mlango wa nyumba.

Chumba cha Mama Agar kilikuwa kitupu. Kitanda kimetandikwa. Mfuko haupo.

Nathalie alikuwa nje akiruka kamba. Alisema nkambo, bibi yake, amembusu, amemwambia awe mtoto mzuri, amekwenda.

Noémie alikimbia hadi pale malori ya Kabongo yanapopakilia. Lori la siku hiyo lilikuwa limeondoka saa tisa. Kijana mpakiaji alikumbuka vizuri: mama mzee mwenye rozari, alipanda, akakaa juu ya magunia, akavuta kanga yake vizuri kabisa. Injini ilipowaka akasema ashushwe. Hakusema kwa nini. Alishuka, akaelekea huko, upande wa shule.

Noémie aligeuka. Na wakati huohuo, kutoka upande wa shule, firimbi ikalia.

Msomaji, wewe unaijua barabara ile saa ile. Firimbi inapolia, uhai wote unasimama. Pikipiki zilinyamaza. Muuza maandazi aliganda na mkono ndani ya ndoo. Wanaume walivua kofia. Watu mia na zaidi walisimama kama miti, nyuso zote zimeelekea mlingoti.

Na katikati yao mwanamke mmoja alikuwa anakimbia.

Alikimbia bila viatu, maana kimoja kilikatika na kingine alikitupa. Alisikia watu wakimzomea kwa meno. Alimsikia mtu akisema, ule si Madame? Mwanamume mmoja alimdaka mkono wa blauzi, akamuuliza kama haoni drapo. Noémie alijinasua, mshono ukapasuka, akaendelea. Jumatatu alikuwa amemtoa mtu aliwe kwa kosa hilihili. Sasa alijua jinsi macho yale yanavyochoma mgongoni.

Alipoingia kwenye uwanja wa shule, alikuwa amechelewa.

Mama Agar alikuwa tayari amesimama chini ya mlingoti. Karibu naye alikuwepo adjudant kutoka Base, Bokungu, mtu mrefu mwenye mvi, amebeba bendera mpya juu ya viganja vyake. Upande wa pili alisimama Monsieur Kasanda, uso wake umekuwa wa majivu. Mama Agar alikuwa amekitoa kitambaa chekundu, amekishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, ili kila mtu akione.

"Minyi njo nilikata," alisema. "Ule papa hakukata. Mumufungulie."

Hakupaza sauti. Lakini ukimya wa bendera ulikuwa mkubwa, na kila mtu alisikia.

Mwanzoni hakuna aliyesogea, maana bendera ilikuwa bado juu. Kisha mtu mmoja nyuma alitupa tusi. Mwingine akauliza wanawake wa namna hii wanalipwa na nani. Neno adui likapita mdomo kwa mdomo kama moto kwenye majani makavu. Kijana wa pikipiki aliinama, na alipoinuka alikuwa na jiwe. Wa pembeni yake naye akainama. Wengine walikuwa wanalia, na hao wanaolia ndio waliotisha zaidi, kwa sababu walikuwa wanasogea mbele.

Noémie alipenya katikati yao kwa viwiko. Alifika, akasimama mbele ya mama mkwe wake, mgongo wake ukigusa mikono iliyoshika kitambaa. Alifungua mdomo ili aseme ule uongo wake wa pasi na ajali.

Haukutoka. Aliona nyuso. Aliona wale wanawake wa Base, mstari mzima, na kila mmoja alikuwa anasubiri kusikia kama aliyekata ni adui au ni mmoja wao. Uongo wa pasi ungemtosha komanda. Wao usingewatosha.

"Munanijua," alisema. "Lundi minyi njo nilitaja jina ya Papa Stanislas. Nilimusingizia. Hii mama ni mama ya bwana yangu. Alikata juu anatafuta kitu ya kuzika."

Mtu alipiga kelele kwamba wapo wengi waliofiwa na hawakugusa bendera. Ilikuwa kweli. Noémie aliitikia kwa kichwa, kwamba ni kweli. Mawe yalikuwa bado mikononi. Na hapo, msomaji, alisema maneno ambayo kwa miaka miwili hakumruhusu mtu yeyote ayaseme ndani ya nyumba yake.

"Bwana yangu alikufa. Kabange Ariel alikufa ku vita, na hakurudi. Shiye hatukupata drapo juu ya sanduku. Hatukupata sanduku."

 Alisikia nyuma yake Mama Agar akitoa pumzi ndefu, kama mtu anayetuliwa mzigo kichwani.

Yule mke wa askari aliyeomboleza Jumatatu ndiye aliyefanya la kwanza. Alijitenga na mstari, akaja hadi mbele, na kila mtu akadhani anakwenda kumpiga Mama Agar kofi. Alikishika kitambaa kwenye pembe. Alikisugua kati ya vidole viwili kama mtu anayechagua nguo sokoni. Kisha aliketi chini, palepale, miguu imenyooshwa mbele, kama wanavyoketi wafiwa. Mwenzake akamfuata. Wakawa watano, wakawa kumi.

Si wote waliolegea. Baba mmoja alitema mate, akasema kwamba kufiwa hakumpi mtu ruhusa, kwamba yeye alipoteza wawili na bado anasimama kila asubuhi. Alisema hivyo akilia. Akaondoka na mkewe bila kusubiri bendera ishuke. Lakini mawe yalianguka, moja hapa, moja pale. Komanda wa polisi, ambaye hadi wakati huo alikuwa anatazama viatu vyake, alimtuma askari akamfungulie Papa Stanislas.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Hata Noémie alidhani hivyo.

 Adjudant Bokungu alimkabidhi mkurugenzi ile bendera mpya, akatoa mfukoni daftari lenye jalada jeusi, akamkaribia Noémie. Aliuliza kwa adabu jina kamili la marehemu. Aliuliza namba yake ya jeshi. Noémie aliijua kwa kichwa, akaitaja. Bokungu alieleza kwamba kazi yake kule Base ni familia za waliopotea vitani, kwamba anayo majina yote ya watu wa upande huu, na kwamba akilipata hili ataomba mwenyewe bendera kamili kwa ajili ya kaburi la Kabongo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Noémie alihisi mtu anamsaidia.

Alipekua ukurasa. Akapekua mwingine. Kidole chake kilishuka, kikapanda, kikasimama.

Akalifunga daftari.

Alimshika Noémie kiwiko, akamsogeza hatua nne pembeni, mbali na wanawake walioketi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa uso wa ukali, na hilo lilimtisha Noémie zaidi.

"Madame, ulisema mbele ya bantu yote," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Minyi nitasema kwako tu. Jina ya bwana yako haiko kwenye liste ya bale balikufa."

"Iko wapi?"

"Kwenye ingine. Bale balitupa bunduki, balikimbia. Alionekana mwezi jana, ngambo ya mupaka. Anaishi."

 Noémie alisikia damu ikigonga masikioni, na chini ya damu ile alisikia kitu kingine kikipanda kutoka kifuani, kikubwa, cha moto, hakizuiliki. Ilichukua muda kukitambua. Ilikuwa furaha. Ariel yuko hai. Mumewe alikuwa ametupa sare ya nchi, amewaacha wenzake wakafa, amemwacha yeye bila neno miaka miwili, na moyo wake, mbele ya bendera, mbele ya wajane, ulikuwa unaruka kwa furaha. Aliuma mdomo ili isionekane.

Nyuma yake, wanawake kumi walioketi mavumbini kwa ajili ya mtoto wa Mama Agar walikuwa wameanza kuimba wimbo wa msiba. Mawe yalikuwa bado chini, karibu na miguu ya walioyaangusha.

Mama Agar, aliyekuwa ameketi kati yao, aliacha kuimba. Alikuwa amemwona Bokungu akinong'ona. Aliinuka kwa shida, akajifuta magoti, akaja hadi walipo, na uso wake ulikuwa umetulia kama ambavyo Noémie hakuuona tangu simu ile ya mwisho.

"Anasema nini," aliuliza, kwa sauti iliyofika hadi kwa wanawake, "anasema nini juu ya mutoto yangu?"

Wimbo ukanyamaza. Wote waligeuka kumtazama Noémie.